Injini Kuukuu ya Mashua na Jamaa Wanaoingoja Ufukoni

Alfajiri, kabla jua halijachomoza, katika mialo ya Ziwa Viktoria iliyo upande wa Uganda, kama vile Kasenyi, Katosi na Masese, hukutwa watu wameketi kimya kando ya maji wakitega masikio. Wengi wao ni akina mama. Mashua zilizokwenda kuvua usiku bado hazionekani kwa macho, lakini ngurumo za injini husikika kutoka mbali juu ya maji, na aliyeizoea injini ya nyumba yake huitambua kwa sauti kama atambuavyo kikohozi cha mumewe. Ngurumo ile ikichelewa, moyo huanza kwenda mbio.

Chukua mfano wa sajini mmoja mstaafu aliyerudi kwao kando ya ziwa na kiinua mgongo chake. Alinunua mashua ya mbao na injini ya nguvu za farasi 40, ambayo ilikwisha kupita mikononi mwa wenyewe wawili. Wanawe wawili wakawa wavuvi, mkewe akawa mshika fedha, na karo za wadogo zikawa zatoka katika samaki. Mambo yalikwenda vema muda wa miezi minane. Usiku mmoja injini ilianza kulegea, ikatoa harufu ya mpira unaoungua, kisha ikazimika katikati ya maji. Vijana hawakuwa na makasia. Walipiga maji kwa mbao za kukalia, na upepo ukawapeleka ulikotaka hata saa tisa za mchana, walipoonwa na mashua nyingine na kuvutwa hadi nchi kavu. Hawakukutwa na dhoruba, na katika ziwa lile, ambalo mvua zake za radi hupenda kushuka usiku wa manane na alfajiri, hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

Fundi alipoifungua injini ile, yule mzee alitazamia kuambiwa kwamba ni mzigo wa chuma cha kuuza kwa kilo.

"Afande, injini hii haikufa kwa uzee," fundi alimwambia. "Imekufa kwa kiu."

"Kiu gani, fundi, nayo hushinda ndani ya maji?" akauliza mama wa nyumba.

"Hushinda ndani ya maji, mama, lakini haikuwa ikinywa."

Kisha akawaonyesha kigurudumu cha mpira kisichozidi kiganja cha mtoto, ambacho mabawa yake matatu yalikuwa yamekatika na yaliyosalia yamekauka kama ganda la ndizi juani. Hicho ndicho kilichokaribia kuwapoteza vijana wawili.

Injini za kufungwa nyuma ya chombo si mgeni katika maziwa ya Afrika ya Mashariki. Duniani zilianza kuenea tangu mwaka 1909, pale Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Marekani, alipoanza kuuza zake katika jiji la Milwaukee. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa yake ya kwanza mwaka 1960, na jina hilo ndilo lililotawala katika mialo mingi baadaye. Jina la Evinrude lenyewe limezeeka likafa: mwaka 2020 kampuni ya BRP ya Kanada, iliyokuwa ikilimiliki, ilisimamisha kuziunda. Anayemiliki injini ya namna hiyo leo huenda akalazimika kutafuta vipuri katika injini zilizokwisha kuvunjwa, na yampasa kuitunza zaidi kuliko mwenye injini ambayo vipuri vyake vimejaa madukani.

Nyingi za injini hizo kuukuu ni za mipigo miwili, yaani hazina tangi lao la oili. Oili huchanganywa na petroli, huingia pamoja nayo, hulainisha pistoni na beringi ikiwa safarini, kisha huungua na kutoka kwa moshi. Ni injini nyepesi na rahisi kufungua, na ndiyo sababu hudumu katika mikono ya wavuvi. Aibu yake ni kwamba hupoteza petroli, kwani sehemu yake hutoka bila kuungua, na kwa sababu ya uchafu huo Marekani iliziwekea sheria kali tangu miaka ya 1990 hata zikatoweka katika maduka yake. Huku kwetu bado zinanguruma.

Maji ya kupoza

Habari ya maji yafaa itangulie, kwa kuwa ndiyo inayoua injini nyingi kuliko uzee. Chini ya maji, karibu na rafadha, yaani propela, kuna matundu madogo au wavu wa kuvutia maji. Pampu, iliyo juu kidogo ya gia boksi, huyasukuma maji hayo kwenda kuzunguka silinda, na sehemu yake hutoka nje kwa kitundu kidogo kama kijito. Kijito hicho ni mlinzi wa zamu. Mwenye kushika usukani yampasa akitazame kila dakika chache, na usiku akimulike kwa tochi. Maji yake yakiguswa yawe ya uvuguvugu. Yakiwa ya kuunguza, au kijito kikikatika, injini izimwe mara hiyo hiyo, hata ikiwa ufuko umekaribia kiasi gani. Mara nyingi kisa ni mfuko wa plastiki au gugu maji lililofunika matundu ya kuvutia, na kuliondoa ni kazi ya dakika mbili. Mara nyingine kitundu cha kutokea kimezibwa na mchanga, na waya mwembamba hukizibua. Lakini anayesema, "Tufike kwanza," huenda asifike, kwa kuwa pistoni iliyokwama ndani ya silinda haizibuliwi kwa waya.

Kigurudumu cha pampu, ambacho mafundi hukiita impela, ni vema kibadilishwe kila mwaka kwa injini ifanyayo kazi kila siku, bila kungoja kiharibike. Mchanga na tope hukila, na kukaa bila kazi hukifanya mabawa yake yapinde na yasikunjuke. Kazi ya kukibadili inawezekana nyumbani kwa mtu mtulivu mwenye spana nzuri. Kwanza nyaya za plagi huchomolewa ili injini isije ikawaka mtu akiwa ameishika rafadha. Bolti zinazoshikilia sehemu ya chini hufunguliwa, na chuma cha kuungia gia huachanishwa. Katika injini nyingine kiungo hicho kimefichwa nyuma ya kifuniko kidogo, na wengi wamepasua chuma kwa kuvuta kwa nguvu kabla ya kukitafuta. Sehemu ya chini ikishuka, nyumba ya pampu huonekana imelizunguka lile shina refu.

Hapa ndipo pa kwenda taratibu. Impela hushikwa na kijifunguo kidogo cha chuma kinachopenda kudondoka mchangani, basi itandikwe shuka au gunia jeupe chini. Impela mpya hupakwa maji ya sabuni, kisha nyumba ya pampu hushindiliwa huku shina likizungushwa upande ule ule ambao injini huzunguka, ili mabawa yote yalale upande mmoja. Baada ya hapo shina lisizungushwe kinyume tena. Gasketi zake huwekwa mpya. Meno ya juu ya shina hupakwa grisi kidogo kwa ubavuni, wala si kichwani, maana grisi ikijaa kichwani huzuia shina kuingia mpaka mwisho. Na ikiwa impela ya zamani ilipoteza mabawa, vipande vyake vitafutwe mpaka vipatikane vyote. Kipande kimoja kilichobaki katika njia ya maji chatosha kuiua pampu mpya. Katika injini ya yule sajini fundi alipata viwili mara moja. Cha tatu kilimchukua nusu ya siku, naye hakukubali kuifunga injini kabla ya kukiona.

Yafaa ieleweke pia kwamba injini haiwashwi kamwe juu ya nchi kavu kwa kuijaribu tu. Bila maji impela huungua kwa muda mfupi sana. Ajaribuye na aishushe ndani ya pipa lililojaa maji hata pampu izame, aondoe rafadha, na asiipigishe kelele nyingi.

Oili na chupa ya kupimia

Jambo la pili ni uchanganyaji, na hapa mama wa nyumba ana sehemu kubwa kuliko adhaniavyo. Kila injini ina kipimo chake. Nyingi za baadaye hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, maana yake jerikani la lita 20 hupata oili mililita 400. Injini nyingi za Johnson na Evinrude za kabla ya mwaka 1964 zilitaka 24 kwa 1, yaani zaidi kidogo ya mililita 830 kwa jerikani hilo hilo. Zile British Seagull za kale zilikunywa 10 kwa 1, lita 2 nzima. Ambaye hupima kwa macho hukosea pande zote mbili: oili ikipungua, chuma husagana na chuma, ikizidi, plagi hulowa na masizi hujaa. Injini iliyotoka kufanyiwa matengenezo makubwa, ikiwekwa pistoni au ringi mpya, kwa kawaida hupewa oili maradufu kwa saa zake za kwanza.

Oili yenyewe iwe ya injini za mashua za mipigo miwili, ambayo kopo lake huandikwa TC-W3. Oili ya gari si mbadala wake, hata kama muuzaji ataapa. Oili hutiwa kwanza pamoja na petroli kidogo, jerikani likatikiswa, ndipo petroli iliyobaki ikaongezwa na kutikiswa tena. Chupa ya kupimia ichorwe mstari kwa rangi, ifungwe kamba kwenye jerikani, wala isirudi jikoni.

Na hili la jikoni lisichukuliwe kuwa dogo. Petroli haihifadhiwi katika chupa za soda, kwa sababu mtoto mwenye kiu haulizi. Ikitokea mtoto amekunywa petroli au mafuta ya taa, asitapishwe, kwa kuwa yakirudi yanaweza kuingia mapafuni na kumdhuru zaidi. Apelekwe hospitali mara moja. Jerikani lisilale katika chumba chenye sigiri au taa ya utambi. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, nao hushuka chini na kutambaa sakafuni. Katika mashua hukaa kwenye vumbi na maji ya chini ya mbao ukingoja sigara ya mtu.

Maji katika petroli nayo ni adui wa kila wiki. Petroli kidogo ikitiwa katika chupa nyeupe na kuachwa itulie, maji huonekana yamekaa chini kama mawe ya mtoni. Ya juu ichujwe kwa kitambaa kizito, na ya chini isirudishwe tanki.

Gia, uzi na maziwa

Katika maziwa yetu kuna ugonjwa mmoja usioandikwa kwa herufi kubwa katika vitabu vya wenye mashua za starehe, nao ni uzi wa nyavu. Uzi wa nailoni ukijizungusha nyuma ya rafadha, huingia ndani polepole na kuikata sili ya shina. Hakuna kelele wala dalili. Maji huingia gia boksi, oili hutoka, na baada ya majuma machache meno ya gia hutafunwa na kutu. Dawa yake ni kuivua rafadha kila mwezi, kuondoa uzi wote uliojificha nyuma yake, na kupaka shina grisi.

Oili ya gia hukaguliwa kwa kufungua kidogo skrubu ya chini. Ikitoka nyeusi au ya rangi ya asali, ni salama. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yamekwisha ingia, na sili zibadilishwe kabla ya safari nyingine ya mbali. Unga mwembamba wa chuma si ajabu. Vipande vinavyong'aa ni habari mbaya. Oili mpya hutiwa kutoka chini kwa shinikizo mpaka itokee tundu la juu, maana ikitiwa kutoka juu hewa hunaswa ndani. Skrubu ya juu hufungwa kwanza, kisha ya chini kwa haraka. Wengi hubadilisha oili hii kila saa 100 za kazi, na mvuvi wa kila siku huzifikia saa hizo upesi kuliko anavyodhani.

Injini ndogo za kale zina pini laini inayoshika rafadha. Rafadha ikigonga mwamba, pini hukatika makusudi ili gia zipone. Anayeweka msumari mahali pa pini hupata safari moja ya furaha, na mwamba wa pili hukata gia badala ya msumari. Pini mbili za akiba na koleo zisikose chomboni. Injini kubwa hazina pini bali mpira ulioshindiliwa katikati ya rafadha; mpira huo ukichoka, injini hunguruma bila chombo kwenda.

Moto na hewa

Injini isipowaka, fundi mwenye akili haanzi kuvuta kamba mara 50. Huchomoa plagi na kuitazama. Ya rangi ya kahawia ni ya injini yenye afya. Nyeusi iliyolowa huonyesha petroli au oili imezidi, au cheche ni dhaifu. Nyeupe yenye malengelenge huonyesha joto la kupita kiasi, na hapo kijito cha maji na kipimo cha oili vichunguzwe upesi. Cheche hujaribiwa kwa kuligusisha ganda la plagi na chuma cha injini, mbali na petroli iliyo wazi. Iwe ya buluu na yenye nguvu. Katika injini za kale zenye pointi chini ya gurudumu zito, nafasi ya pointi za Johnson na Evinrude nyingi ni milimita 0.5, na oili ya kidole ikiachwa juu yake cheche hufa. Zilizokuja baadaye zina kisanduku cha umeme kisichotengenezeka, lakini mara nyingi kosa huwa katika waya wake wa kugusa chuma, uliokula kutu.

Cheche ikiwapo na petroli ikawapo, basi kabureta isafishwe. Petroli iliyokaa miezi hugeuka ulimbo na kuziba vitundu vyake. Visizibuliwe kwa waya wa chuma, kwani huvipanua. Uzi wa mshipi wa kuvulia hutosha, nao haukosekani katika nyumba ya mvuvi. Skrubu ya kurekebisha ihesabiwe mizunguko kabla ya kutolewa, na hesabu iandikwe.

Injini ikianguka majini, ambalo hutokea vibano vikilegea, haifai kuopolewa na kuanikwa juani kama nguo. Kutu huanza pale inapokutana na hewa. Huoshwa kwa maji safi, plagi hutolewa, injini huinamishwa na kuzungushwa kwa mkono mpaka maji yatoke, oili ikatiwa katika silinda, na ikiwezekana iwashwe katika muda wa saa chache. Ikishindikana kuwashwa siku hiyo, ni afadhali irudishwe ndani ya pipa la maji safi mpaka fundi afike. Ikiwa mchanga umeingia, au kamba ikivutwa haisogei, isilazimishwe. Mnyororo wa kuifunga injini kwenye chombo ni wa bei ndogo sana ukilinganishwa na chuma cha yapata kilo 70 kilicho chini ya ziwa.

Askari hafundishwi kungoja vita ndipo asafishe bunduki. Huisafisha hata siku ambayo haikutoa risasi, na husaini kitabu. Wale waliopelekwa ziwani mwaka 2017 kuzuia uvuvi haramu, na polisi wa majini, wanajua kwamba mashua ya doria nayo ina kitabu chake. Yule sajini mstaafu hakuwa ameleta desturi hiyo nyumbani. Baada ya siku ile mkewe alinunua daftari la shule la kurasa 48. Mle huandika saa za kazi, lita za petroli, mililita za oili, tarehe ya plagi na tarehe ya impela. Makasia mawili yalichongwa yakafungwa kwa kamba ndani ya mashua, na jaketi za kuokolea zikanunuliwa moja moja, kila mwezi moja.

Silinda ya chini ya injini ile ilikuwa na mikwaruzo. Fundi aliisugua kwa msasa laini, akaweka ringi mpya na gasketi ya kichwa, akapima shinikizo la silinda zote mbili. Zilitofautiana kwa kiasi kidogo, pungufu ya sehemu moja katika kumi, naye akasema yafaa. Iliwashwa ndani ya pipa uani kwa mvuto wa tatu, watoto wote wakitazama, na kijito kikatoka.

"Mama, kiguse," akasema fundi.

Akakigusa kwa kidole. Kilikuwa cha uvuguvugu.

Vijana walirudi ziwani jioni ya Jumatatu iliyofuata, wakiwa na impela ya akiba ndani ya kopo la kahawa, plagi mbili, spana, tochi na waya mwembamba. Alfajiri mama yao aliketi mahali pale pale pa siku zote, na daftari likiwa juu ya magoti yake, tayari kuandika saa ya kurudi.